Damu ya Fundi

Uzi ulikataa tena. Fundi akailamba ncha yake, akaibana kwa vidole, akaisogeza sindano hadi karibu na pua, na uzi ukapita pembeni kama mara zote za asubuhi ile.

"Lete huku, shemeji," mke wa kaka yake akasema, akifuta mikono kwenye khanga. "Macho yote umeyamalizia kwa wanawake wa sokoni, sasa hata sindano imekususia."

"Wanawake gani watanitazama, na mimi nanuka dawa za mume wako?"

Shemeji akacheka. Akautia uzi mdomoni, akaulainisha kwa midomo, akautunga mara moja tu, kisha akarudi kwenye sufuria yake. Fundi akaendelea kutia kiraka kwenye goti la ovaroli. Mbele yake zilirundikana nyingine, za kijani iliyopauka, mabega yakiwa magumu kwa dawa iliyomwagikia humo na kukaukia humo. Usiku alizisukuma ukutani na kulalia mbili tatu kama mto, kwa kuwa sebule hiyo ndiyo iliyokuwa karakana yake na ndiyo iliyokuwa chumba chake.

Kisheria, ovaroli hizo hazikutakiwa kuvuka geti la shamba la maua. Lilikuwepo bango kubwa lenye kusema hivyo. Lakini mpiga dawa aliyechana ovaroli alikatwa mshahara, na bango halikusema lolote kuhusu hilo, basi jioni wapiga dawa walizikunja chini ya mashati na kuzipeleka kwa fundi. Naye alishona, akakata uzi kwa meno, akatema nyuzi, akashona tena. Kichwa kilimuuma kila siku. Alisema ni cherehani.

Kaka yake aliingia mchana, saa ambayo hakuzoea kurudi. Watu walimwita Bomba, kwa miaka aliyobeba bomba la dawa mgongoni. Akamtuma mkewe dukani akanunue sabuni, na sabuni ilikuwepo. Alipobaki na mdogo wake akanyoosha mikono. Vidole vilikuwa vikitetemeka.

"Unaona? Na usiku mate yananitoka kama mtoto anayeota meno," akasema. "Sasa serikali imeleta sheria mpya. Kesho kila mpiga dawa anapimwa damu. Ukikutwa sumu imezidi, unatolewa kwenye dawa."

"Si ndiyo vizuri? Utapumzika."

"Nitapumzikia wapi? Ukitolewa kwenye dawa unarudi kwenye palizi, na watu wa palizi hawapewi nyumba. Tutatoka humu siku hiyohiyo, mimi, shemeji yako, mtoto, na wewe na cherehani yako."

Fundi akaitazama dari. Ilikuwa inavuja pembe moja, lakini ilikuwa dari.

"Nesi ni mgeni, hajui sura zetu," Bomba akasema. "Tumefanana wewe na mimi, hata mama alikuwa akikosea. Vaa kofia yangu, taja jina langu, mpe kidole. Wewe hujashika bomba tangu uzaliwe. Damu yako ni safi, mdogo wangu."

"Na msimamizi?"

"Msimamizi ndiye aliyenipa wazo. Anataka wapiga dawa, hataki foleni ya wagonjwa. Ila shemeji yako asijue. Mdomo wake ni redio."

Fundi alikubali. Ukweli ni kwamba alijisikia vizuri. Miaka yote alikuwa mtu wa kukaribishwa, wa kupewa kona na sahani, na leo kaka yake alihitaji kitu ambacho yeye tu ndiye aliyekuwa nacho.

Kesho yake akakaa kwenye benchi la zahanati ya shamba, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Msimamizi alipita, akamwona, akageuza uso kwa haraka ya mtu aliyekumbuka shughuli nyingine. Nesi alimchoma kidole, akavuta tone la damu, akalitia kwenye kimashine chake. Wapiga dawa waliomtangulia waliitwa mmoja mmoja na kuambiwa nenda, nenda, pumzika wiki, nenda. Alipofika yeye, nesi alifunga mlango.

"Umepiga dawa kwa muda gani?"

"Miaka mingi, nesi."

"Nimerudia kipimo mara mbili. Damu yako ndiyo mbaya kuliko zote nilizopima leo." Akamfunua kope na kummulika. "Mboni zimekuwa kama tundu la sindano. Unaona vizuri?"

"Ukungu kidogo."

"Kuanzia leo hushiki bomba. Hili si ombi, ni sheria, na msimamizi wako nitamwambia mwenyewe. Ovaroli yako inafuliwa wapi?"

"Hapahapa shambani."

"Vizuri. Ile nguo haitakiwi kabisa kuingia nyumbani kwa watu."

Fundi akameza mate, na yalikuwa mengi. "Nesi, na mtu anayezishona tu? Hajawahi kushika bomba. Anazitia viraka."

"Fundi wa shamba?"

"Wa mtaani."

Nesi akasita. Hakuwa mtu mbaya, ilionekana hivyo. "Wa mtaani hayumo kwenye sheria hii. Mimi nimetumwa nipime wapiga dawa. Lakini kama unamjua mwambie aache, na aende hospitali. Na asitie uzi mdomoni. Dawa ikishaingia kwenye kitambaa inapanda na uzi."

Alitaka kumwambia. Neno lilifika kwenye meno. Akaikumbuka dari, akasema asante.

Nyumbani Bomba alisikiliza hadi mwisho. "Nilikutuma na damu safi," akasema, "umeniletea nini? Afadhali ningepeleka ya mbuzi." Akacheka peke yake, kisha macho yake yakaangukia rundo la kijani pale ukutani, na kicheko kikakatika. Alikaa kitako, akayashika magoti. Hawakutazamana. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo. "Tukisema ilikuwa damu yako, hata palizi sipati. Nyamaza, mdogo wangu. Nakuomba."

Basi sheria ikafanya kazi yake. Bomba akashushwa kwenye palizi, na nyumba ikachukuliwa na kijana aliyerithi bomba lake. Wao wakapanga chumba kimoja nje ya geti, wote wanne, pazia katikati. Mshahara wa palizi ulitosha kula. Kodi ilitoka kwenye cherehani, na kazi ya kuaminika iliyokuja pale ilikuwa ile ile ya kijani. Fundi alijaribu kuikataa. Alizungukia mtaa mzima akiomba suruali za kupunguza na sare za shule, akarudi na begi moja la kushona mkanda.

Kijana mpya alileta ovaroli yake siku ya Jumamosi. Ilikuwa ovaroli ya Bomba. Kiraka cha goti Fundi alikitambua kwa mkono wake. Ilikuwa imechanika begani, mahali penyewe dawa inapomwagikia. Alitoka nayo nje. Siku hizi alishonea nje, akakata uzi kwa mkasi butu aliouomba kwa kinyozi, na shemeji alimtania kwamba amekuwa fundi wa mjini.

Nusu ya mshono, uzi ukachomoka kwenye sindano. Ulikuwa umepita kwenye bega lile asubuhi nzima, ncha yake imekuwa ya kijani. Aliujaribu mkavu. Akajaribu tena. Tundu lilikuwa mahali fulani ndani ya ukungu.

"Lete huku, shemeji." Alikuwa amekuja na mtoto mgongoni, akamnyang'anya sindano na uzi kabla hajakunja ngumi. "Usije ukajitoboa bure."

"Acha, nitaweza mwenyewe."

"Utaweza lini? Kijana anakuja jioni kuchukua nguo yake."

Mlangoni, Bomba aliinua kichwa. Jembe lake la palizi lilikuwa mapajani, akilinoa, na mkono ukasimama. Alimtazama mdogo wake, na macho yake yalikuwa yanaomba kama yalivyoomba siku ile. Fundi alifungua mdomo. Alijichukia kwa muda wote ambao mdomo ulibaki wazi bila neno kutoka.

"Leo umeushona na huo mdomo?" shemeji akauliza, akicheka.

Akautia uzi kati ya midomo, akauvuta polepole, akautazama kwenye mwanga. Ncha haikuchongoka vizuri. Mtoto alichungulia begani kwake, akanyoosha mkono kuudaka, naye akaukwepesha, akaurudisha mdomoni na kuulamba tena.