Bwana Harusi kutoka Kitaji

Mama mkwe wangu, Nyamburi wa Butiama, ndiye mtu wa kwanza kuona faida ya ndevu zangu.

"Mtoto huna, ndevu unazo," aliniambia. "Basi Consolata, oa."

Hakuwa anatania. Kwao mwanamke asiyezaa anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto wa msichana huyo wakaitwa wake. Ndiyo nyumba ntobu. Bibi harusi wangu alishapatikana: Rhobi, wa Manyamanyama kule Bunda. Jumapili angekuja na baba yake, mzee Mseti, kuwaangalia ng'ombe. Mume wangu Makongoro aliulizwa maoni yake, akakohoa.

Mimi sikutaka mke. Nilitaka hedhi yangu, iliyopotea tangu kiangazi cha mwaka jana. Hata kabla ya hapo, kila ilipochelewa, Nyamburi alitangaza mimba kanisani, nami nikabaki kupokea pongezi za tumbo lenye maharage. Daktari mmoja hapa Musoma ndiye aliyenieleza kwamba homoni zangu zimevurugika, ndiyo maana ndevu zinaota na mayai hayakomai, na mwili unawaka ndani kwa ndani kama makaa chini ya majivu. Ugonjwa huu hauponi kabisa, alisema, ila unatulizwa. Akanipa vidonge, akanikataza soda, akapunguza ugali, akaongeza dagaa na mboga za majani, kisha akaniamuru nitembee. Mimi fundi cherehani, kazi yangu kukaa! Nikatembea mtaa wetu wa Kitaji wote hadi mbwa wakaacha kunibwekea.

Jumapili ilipofika nilikwenda Butiama na Makongoro, nimeshajiandaa kukataa. Mbele ya wageni wa Bunda, Nyamburi akaniwekea mlima wa ugali wa muhogo. Nikamega kidogo, nikahamia kwenye samaki.

"Mnamuona?" akamwambia mzee Mseti. "Anakulaga kama kifaranga. Mtoto atakaa wapi humo?"

"Mama, daktari ndiye kasema."

"Daktari alikutolea mahari?"

Wanaume wakaenda zizini. Nilitaka kuwafuata nikaseme neno langu, lakini tumbo likanikata chini ya kitovu. Nikakimbilia chooni. Nilipoona damu nilipiga kigelegele mpaka bati likaitikia. Mzee Mseti akaja mbio na fimbo, akidhani ni nyoka.

"Nimeingia mwezini!" nikapaza sauti mlangoni. Mzee wa watu akageuka akatazama ng'ombe kwa bidii sana.

Nyamburi akashika kichwa. "Watu wanalia ikija, huyu anashangilia! Damu ni mtoto?"

"Si mtoto, mama. Lakini hakuna anayevuna kabla ya mvua."

Nilikuwa na furaha, na sikuwa na pedi. Rhobi ndiye aliyenifuata nyuma ya choo, akafungua pochi na kunipa moja. Karatasi yake ilikuwa imechakaa kwa kubebwa.

"Natembeaga nayo tu, dada," akanong'ona. "Mwezi wa tano huu sijaona kitu. Na usinifikirie vibaya, mwanaume simjui."

Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Chini ya kidevu, poda ilikuwa imepakwa nene, kama ninavyopaka mimi. Nikasikia uchungu, kisha kicheko kikanishinda nguvu. Ng'ombe wote wale, na mama mkwe alikuwa ananinunulia ugonjwa wangu mwenyewe.

"Baba anajua?"

"Anajua nimenenepa. Anasema ndiyo uzuri." Machozi yakamlenga. "Huyo daktari wako, anapokea na watu wa Bunda?"

Nikarudi uani nimemshika mkono. Nikawatangazia kwamba bibi harusi nimempenda sana, na kwamba naondoka naye leo hii, bila ng'ombe. Makongoro akaanza kukohoa. Nikamwambia akohoe akiwa anawasha pikipiki.

Jumatatu asubuhi tulikuwa wawili kwenye benchi la kliniki, tunagawana karanga. Nesi akauliza huyu ni nani wangu.

"Mke wangu," nikasema. "Naye anaomba kipimo."