Marais Walionyongwa Kibandani Kwangu

Hapa kibandani kwangu, nyuma ya soko la mifugo la Garissa, hakuna rais aliyewahi kuanzisha vita ambaye hajanyongwa. Wengine tumewanyonga mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza chai iliisha kabla ya hukumu. Kila siku baada ya swala ya alasiri wanaume wanavuta viti vya plastiki, wanaagiza chai ya maziwa ya ngamia, na wanaanza kile sisi Wasomali tunachokiita fadhi-ku-dirir, yaani vita vya kukaa kitako. Haumii mtu, isipokuwa mimi ninayeosha vikombe.

Jina langu Maka. Mume wangu Jama alikufa miaka sita iliyopita, Mungu amrehemu, akaniachia kibanda hiki, binti mmoja, Nasteho, na ngamia jike mmoja anayeitwa Adey. Adey ni mweupe, ana kiburi, na hapendi kuguswa na mtu asiyemjua. Lakini maziwa anatoa! Maziwa yake ndiyo chai yangu, na chai yangu ndiyo unga, ndiyo sare ya shule ya Nasteho. Bila Adey mimi ni mwanamke mwenye birika tu.

Kwenye mahakama hiyo ya kitako, mwendesha mashtaka ni shemeji yangu Bishar, binamu ya marehemu. Amegombea udiwani mara mbili na kuanguka mara mbili, lakini usipomwita mheshimiwa hageuki. Karani ni mzee Zakariye, aliyestaafu ukarani na bado anatembea na daftari kama wenzake wanavyotembea na fimbo. Hakimu ni Mwalimu Peterson, mtu wa Embu, anafundisha historia sekondari. Walimchagua kwa kuwa hapa hana ukoo, hana ngamia, hana hata kuku, basi hana wa kumpendelea. Na kwa ajili yake kesi zinaendeshwa kwa Kiswahili.

Wakaniandikia sheria mle ndani, heh! Zakariye anazo mpaka leo. Kwamba vita vinaanzwa na mdomo kabla ya bunduki, kwa hiyo aliyetamka ndiye mshtakiwa wa kwanza. Kwamba "nilikuwa nalinda watu wangu" si utetezi, maana hata fisi anasema analinda watoto wake. Kwamba cheo si pazia la kujifichia. Kila sheria ilipopita Bishar alipiga meza mpaka sukari yangu ikamwagika. "Rais aanzishe vita, halafu raia walipe?" alipiga kelele. "Haramu! Kila mtu abebe mzigo yake!"

Basi mwaka huu mvua ikatukimbia. Kuna kisima huko nje, mwendo wa asubuhi moja kwa pikapu, ambako ukoo wetu na jirani zetu tunanywesha ngamia kwa zamu. Zamu zikavurugika. Watu wetu wakaenda kuzungumza, Bishar mbele. Badala ya kuzungumza akapanda juu ya boneti akatangaza: "Ngamia wao wakikunywa hapa kesho, mimi si mwanaume!" Kesho yake wakanywa. Kufikia adhuhuri watu walikuwa wameshachapana fimbo, halafu bunduki ikalia, na Deeq, kijana wa upande wa pili, miaka kumi na tisa, akaanguka na kamba ya ndoo mkononi. Aliyepiga hajulikani, au anajulikana na hatajwi.

Wazee wa pande zote wakakaa siku nne. Kwetu, mwanamume akiuawa, dia yake ni ngamia mia, na halipi muuaji peke yake. Ukoo mzima unagawana, kila nyumba inatoa. Siidharau desturi hiyo. Bila hiyo tungekuwa tunazikana mpaka leo. Lakini ngoja usikie nani alifanywa mwenyekiti wa kamati ya kukusanya ngamia. Bishar! Aliyewasha moto ndiye aliyepewa ndoo.

Akaja kibandani alasiri, kamba begani, Zakariye nyuma yake na orodha. Mwalimu Peterson alikuwa ameshakaa anasubiri chai.

"Shemeji," Bishar akasema, "nyumba ya Jama, ngamia moja."

"Jama amekufa."

"Ukoo haihesabu watu, inahesabu nyumba."

"Kwa hiyo kupiga kura amekufa, kutoa ngamia yuko hai?"

Wanaume wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona ile kamba. Nikazima jiko, nikavifunika vikombe vyote kifudifudi, nikasimama mlangoni.

"Leo hapanyweki hata tone mpaka kesi isikilizwe," nikasema.

"Kesi ya nani?"

"Yako."

Bishar akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye. Mwalimu akaanza kuinuka polepole, anautazama mlango, lakini mlangoni nilikuwa mimi, na mimi si mwembamba. "Mwalimu, kaa," nikamwambia. "Juzi umemnyonga mtu mwenye ndege za kivita. Leo utamwogopa Bishar mwenye kigari cha Probox?"

Akakaa. Zakariye, maskini, alishafungua daftari. Hiyo ndiyo kazi aliyoipenda maishani.

"Mimi sikugusa bunduki," Bishar akaanza.

Zakariye akalamba kidole, akafunua ukurasa, akasoma. Aliyetamka ndiye mshtakiwa wa kwanza.

"Nilikuwa nalinda kisima yetu! Nalinda watu wangu!"

Zakariye akafunua tena. Akasoma habari ya fisi.

"Nilienda kama kiongozi. Kiongozi anashtakiwaje na muuza chai?"

Zakariye hakuhitaji kufunua. Sheria ya pazia aliijua kwa moyo.

"Lakini hizo sheria ni za marais!" Bishar akafoka, jasho linamtoka. Mkuki kwa nguruwe, jamani, kwa binadamu mchungu. Kibanda kizima kikapasuka kwa kicheko, hata wachuuzi wa mbuzi walikuwa wamekuja kuchungulia. Nikaona nimeshinda. Nikaanza kuvigeuza vikombe.

Ndipo akajifuta uso, akasema kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa hakimu, naomba kuita shahidi."

"Nani?" Mwalimu akauliza.

"Maka. Shemeji, wallahi useme kweli. Asubuhi ile pikapu ikiondoka hapa sokoni, shingoni nilikuwa nimevaa nini?"

Hilo sikuwaambia. Msinitazame hivyo! Nani anaanza hadithi kwa kujishtaki mwenyewe?

Ni hivi. Asubuhi ile wanaume walikuwa wanasitasita. Huyu Bishar ndiye aliyesema tumsubiri chifu, tusikimbilie. Na sisi wanawake tulikuwa pale, tunapiga makofi, mmoja anapiga jerikeni, tunaimba buraanbur, mashairi ya wanawake. Zamu yangu ikafika. Mimi nikiimba, watu wananyamaza, sijisifu. Nikaimba:

"Atakayerudi na ngamia wenye kiu,
shela yangu hii ajitande.
Mimi nitavaa suruali yake
nikachote maji mwenyewe."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikavua shela yangu nyekundu, nikabaki na mtandio wa ndani, nikamfunga Bishar shingoni. Mwanamume aliyefungwa shela mbele ya soko zima hawezi kurudi kusema tumsubiri chifu. Mtu akanirekodi kwa simu, na kabla pikapu haijafika kisimani, shairi lilikuwa limeshafika. Nililala na furaha siku hiyo, astaghfirullahi. Nilijua ndilo shairi langu bora.

"Shela yangu," nikamjibu. "Ile nyekundu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Peterson akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Mwisho akahukumu: Bishar atoe ngamia kumi kutoka kundi lake, wazilipie nyumba kumi zisizo na uwezo. "Nyumba ya Maka ni ya mjane," akaongeza haraka. "Iwe ya kwanza kusamehewa."

Nilikuwa nimepona. Mdomo ningeufunga tu, Adey angekuwa wangu. Lakini lile daftari lilikuwa wazi mezani, na Zakariye alikuwa ameshika kalamu ananitazama, na mimi najua kusoma. Aliyetamka. Haikuandikwa kama ni mwanamume au mwanamke, anatawala nchi au anachemsha chai.

"Andika," nikasema. "Mshtakiwa wa pili." Kisha nikalia pale pale, kwa sauti, kamasi na yote, na sikuona haya.

Bishar mnauliza kama alilipa? Siku sita hakupata chai, na soko zima likawa linamwita Mheshimiwa Shela. Siku ya saba akaleta ngamia tisa, akaapa wa kumi ni mgonjwa. Zakariye akaenda kumkagua mgonjwa huyo, akamkuta anakula kuliko wote. Wakawa kumi.

Siku ya kukabidhi nilimpeleka Adey mwenyewe. Ami zake Deeq walikuwa wanapokea na kugawana, wanaume kwa wanaume. Mama yake, Arbia, alikuwa ameketi pembeni peke yake. Nilipompita aliinuka.

"Wewe ndiye Maka wa shela?" akaniuliza.

Nikatamani ardhi inimeze. "Ni mimi, dada. Nisamehe."

"Shairi lako tulilisikiliza nyumbani. Watu wetu walisema tuhame tu, kuna maji mbele. Deeq alikuwa ameshafunga mizigo." Akamshika Adey kamba, na Adey, yule mwenye kiburi, akamwachia. "Mimi pia naimba, Maka. Nilikujibu. Nilisimama mlangoni nikaimba, na yeye ananisikiliza. Akafungua mizigo."

Nikamuuliza aliimba nini. Akafungua mdomo, shairi likakataa kutoka. Akaondoka na ngamia wangu.

Siku hizi kibandani ni chai ya rangi. Wananung'unika lakini wanakuja, na jana wameanza kesi ya rais mwingine. Bishar alisoma mashtaka vizuri, sauti imepungua kidogo. Alipomaliza, Mwalimu Peterson alitafuna kijiti chake cha meno, akauliza, "Na huyu, nani alimwimbia?"

Wanaume wakatazama vikombe vyao. Mimi nikaenda kuongeza maji kwenye birika.