Haitoki Mpaka Mwenyewe Aivae

Stephano Chilumba alikuwa mchonga vinyago wa Mwenge kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote hakuna kazi ya mtu iliyopita mbele ya macho yake bila mwenyewe kuambiwa kasoro yake. Hakuwa mkali. Alikuwa anasema tu. Siku ya msiba wa kaka yake alimwita seremala pembeni, akamweleza kwa sauti ya chini na kwa heshima zote kwamba mfuniko wa jeneza umekwenda upande kwa nusu kidole. Ndugu wakachukia. Seremala akapima, akakuta ni kweli, akaomba muda aurekebishe, na mazishi yakachelewa.

Mke wake alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita, na hawakujaliwa mtoto. Aliishi Mwananyamala, chumba na sebule, peke yake. Kila Jumamosi alikwenda kwenye fremu ya Monica, fundi cherehani wa mtaa uleule, kumpa kazi ya kushona vifuko vya kufungia vinyago vya wateja. Monica naye alikuwa mjane, miaka hamsini kasoro mmoja, na watu walimwita Mama Herieth kwa jina la binti yake aliyeolewa Songea. Katika miaka sita Stephano hakuwahi kuona kasoro kwenye mshono wake. Alikuwa ametafuta. Mwaka wa nne akaacha kutafuta, lakini akaendelea kwenda, na vifuko alivyoagiza vikawa vingi kuliko vinyago alivyokuwa navyo.

Kwa mtu wa aina yake uamuzi ulikuwa umeshafanyika. Kilichobaki ni pete.

Hakumwambia Monica chochote. Kwanza alichonga pete ya mpingo kama mfano, matawi mawili yanayopishana, yenye majani membamba kuliko punje ya mchele. Ilimchukua siku nane, na mara kadhaa ilimbidi atoke nayo nje juani aone vizuri anachokifanya. Ukubwa wa kidole aliupata kwa hila. Siku moja Monica alipoingia ndani kutafuta vifungo, Stephano alichukua kastabini yake, kile kikofia cha chuma ambacho fundi anavaa kidoleni sindano isimchome, akaizungushia uzi, akaukata uzi na kuutia mfukoni. Halafu akapeleka uzi na mfano wake Buguruni kwa Mzee Twalib.

Mzee Twalib alikuwa sonara wa siku nyingi, mtu wa Dar wa kuzaliwa, miaka sabini na mbili, kofia safi na maneno machache. Aliugeuzageuza mfano wa mpingo kwenye kiganja, akasema ni kazi ya mtu anayejua, na akataka wiki sita. Kisha akamweleza sharti lake. Pete ya kuagiza haitoki dukani kwake mpaka mwenyewe aje aikague na aivae palepale, kwa sababu amekwishachoka kurudishiwa pete na watu waliotumwa. Stephano akajibu kwamba hilo halina shida. Lilikuwa na shida moja, lakini alijipa wiki sita za kuitatua.

Wiki sita zikaisha. Jumamosi asubuhi Stephano alisimama mlangoni kwa Monica akiwa na shati lililopigwa pasi, akamwomba amsindikize Buguruni kuna kazi ya sonara inabidi ikaguliwe, na macho yake yeye siku hizi kwa vitu vya karibu hayamtoshi. Hakusema uongo hata neno moja. Monica aliona ni ombi la kawaida. Alifikiri ni kazi ya mteja, akafunga fremu, akachukua mkoba. Stephano alikusudia kumweleza ndani ya bajaji, lakini dereva alikuwa amefungulia muziki wa singeli kwa sauti iliyotikisa viti, na hilo si jambo la kusema kwa kupiga kelele. Walipofika Buguruni alikuwa bado hajasema.

Walimwamkia Mzee Twalib, naye akaitikia, akawasogezea viti viwili mbele ya kabati la kioo. Akamtazama Monica kwa muda mfupi, kama anayepima, kisha akatoa kipande cha kitambaa cheusi, akakitandaza, akaiweka pete katikati yake.

Monica hakusema ni nzuri. Stephano aliliona hilo na likampendeza, maana watu wengi wakionyeshwa kitu wanaanza kusifu kabla hawajakitazama. Monica alinawa mikono kwenye kidumu kilichokuwa mlangoni, akaifuta, akaomba lenzi.

Mzee Twalib alikuwa na utaratibu wake. Alisema nje kwanza, ndani baadaye, kidole mwisho. Monica akafuata utaratibu. Aliizungusha pete taratibu chini ya lenzi, akapitisha ukucha kwenye kila jani kuona kama kuna ncha itakayonasa nguo, akachomoa uzi kwenye kitenge chake na kuupitisha juu ya matawi, haukunasa popote. Akaiweka juu ya kioo kuona kama inayumba. Haikuyumba. Stephano alikaa ameshika magoti.

Alipofika jani la saba akasimama.

"Hapa kuna mstari umepitiliza," alisema. "Umetoka kwenye jani ukaingia kwenye tawi."

Stephano akachukua pete, akaisogeza mbali kidogo na uso, akaisogeza karibu, hakuona kitu. Lakini alimwamini Monica kuliko alivyojiamini mwenyewe, akamgeukia Mzee Twalib na kumweleza, kwa sauti ileile aliyotumia msibani, kwamba kifaa kimemteleza mkononi, kwamba hutokea kwa fundi yeyote, ila kazi haiwezi kupokelewa hivyo.

Mzee Twalib hakubisha. Alifungua mtoto wa meza, akatoa mfano wa mpingo uliofungwa kwenye karatasi, akauweka kwenye kitambaa cheusi kando ya pete, akampa Monica lenzi.

Monica akatazama mfano. Akatazama pete. Akarudi kwenye mfano.

"Upo na hapa," akasema. "Ni uleule."

Mzee Twalib akasema mstari huo ulimchukua siku mbili. Alidhani ndiyo sehemu ambayo fundi aliipenda zaidi, maana ulikuwa umekatwa kwa mkono usiosita, na kuunakili kwenye dhahabu bila kuharibu tawi haikuwa kazi ndogo. Alisema haya bila kujitetea.

Stephano aliomba lenzi. Ilimchukua muda kupata umbali wa kuishika. Kisha akauona: mkato mrefu, safi, wa patasi iliyokwenda mbele ya jicho. Mkono wake aliujua. Hakuna mtu mwingine aliyekata vile. Akaendelea kutazama hata baada ya kuwa ameshaona, kwa sababu alikuwa anahesabu vinyago alivyochonga tangu mwaka juzi, vilivyokwenda kwa wateja vikiwa ndani ya vifuko vizuri, na hajui vingapi vina mkato kama huo. Aliweka lenzi chini akasema, "Ni mie."

Monica hakumtuliza. Alimuuliza tu tangu lini haoni vizuri vitu vya karibu. Stephano akajibu hajui, labda miaka miwili. Monica akasema Jumatatu wataenda kupima macho. Stephano akaitikia, na wote wawili wakarudi kwenye pete, kwa kuwa ukaguzi ulikuwa haujaisha.

"Sasa ndani," alisema Mzee Twalib. "Kisha mama aivae tumalize."

Monica akasema yeye amesindikiza tu, mwenye pete hayupo.

Mzee Twalib akamtazama Stephano. Stephano akatazama mizani. Mzee akasema, bila kupandisha sauti, kwamba sharti alishalieleza, na kwamba pete ikitoka dukani kwake bila mwenyewe huwa inarudi, kwa hiyo mwenyewe ni nani?

"Ni ya nani, Fundi?" Monica aliuliza.

"Jina lipo ndani," alisema Stephano.

Monica akainua pete, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akasogeza lenzi. Alisoma polepole, kama anayesoma kipimo kwenye futi ya kupimia nguo. Halafu akaishusha pete kwenye kitambaa na kuinyoosha ikae katikati.

"Akina Monica wako wengi Dar es Salaam," alisema.

"Ni yule anayeshona Mwananyamala."

Nje muuza karanga alipita akigonga kopo lake. Mzee Twalib alichukua kitambaa kingine akaanza kufuta lenzi iliyokuwa tayari safi. Stephano alipapasa shati lake, akagundua kwamba limepigwa pasi vibaya kwenye kola, na kwamba yeye mwenyewe, na si mwingine, ndiye aliyelipiga pasi.

Kisha Monica akanyoosha mkono wa kushoto, akaivaa pete. Ikaingia bila kizuizi, ikapita kifundo, ikazunguka kidoleni kama bangili mkononi mwa mtoto. Akakielekeza kidole chini na pete ikadondoka kwenye kitambaa.

Akauliza kipimo kimetoka wapi. Stephano akaeleza habari ya kastabini na uzi, yote, mpaka vifungo. Monica akasikiliza, akasema kastabini inavaliwa kidole cha kati, na kwamba ile yake ni kubwa tangu ainunue, yeye huwa anafunga kitambaa kidoleni kwanza ndipo anaivaa. Hilo nalo Stephano hakuwa ameliona.

Mzee Twalib aliichukua pete, akaipima kwa jicho.

"Naweza kuipunguza," alimwambia Monica. "Lakini siwezi kukata dhahabu kwa kubahatisha. Nipunguze au nisipunguze?"

Stephano akashika tena magoti.

"Punguza," alisema Monica.

Mzee akatoa mkufu wa vipete vya kupimia, akavijaribu kidoleni mwa Monica mpaka kimoja kikakaa sawa, akaandika namba. Akasema ili kupunguza lazima akate kipande na kuunga tena. Anaweza kukata nyuma, palipo patupu, jani likabaki kama lilivyo. Au akate palepale kwenye jani la saba, mstari utoke na kipande chake, kisha matawi ayaunganishe. Yeye kwa upande wake angependelea nyuma.

Stephano akaisogeza lenzi mbele ya Monica. Alihisi kwamba katika jambo hili hana tena haki ya kusema.

"Kata kwenye jani," alisema Monica. "Nimeshauona. Nitauona kila siku."

Mzee Twalib aliinamisha kichwa akakubali. Ilionekana wazi kwamba siku zake mbili zilimuuma. Stephano naye alimtazama Monica, akaelewa kwamba hajakosea kumchagua, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yakashuka.

Walitoka wakasimama kwenye kivuli cha duka la jirani wakinywa maji ya chupa. Monica alimpigia simu Herieth palepale, akamweleza kwa kifupi. Herieth alitaka kujua maneno gani yalisemwa. Monica akafikiri, akasema Fundi hakuuliza, aliyeuliza ni sonara. Herieth akauliza kama huyo sonara ameoa. Monica akasema hilo hakulikagua.

Jumatatu walikwenda kupima macho. Daktari alisema ni umri, si ugonjwa, akamwandikia miwani. Stephano aliivaa, akashusha macho akaitazama mikono yake mwenyewe, makovu madogo ya patasi ambayo alikuwa ameyasahau. Alhamisi pete ilikuwa tayari. Alikagua yeye kwanza, kwa miwani na kwa lenzi, jani kwa jani, akaipitisha kwa Monica, naye akaikagua upya kana kwamba hakuna aliyeigusa. Matawi yalikuwa yameungana na hapakuonekana palipokatwa. Iliingia kwa kusukumwa kidogo kwenye kifundo, ikakaa. Stephano akamwambia Mzee Twalib kwamba haoni kasoro. Mzee akajibu kuwa na yeye haoni, na wakapeana mikono.

Ndoa ilitangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo. Katika wiki hizo Stephano alishusha vinyago vyote vilivyokuwa kwenye rafu yake, akavikagua, akatenga tisa. Vilivyokwishauzwa vilikuwa tatizo jingine. Kimoja, cha ukutani, kilikuwa kwenye mgahawa Msasani, na mwenye mgahawa, bwana mmoja aitwaye Revelian, alikipenda kiasi cha kuwaonyesha wageni. Stephano alimpigia simu kumweleza kwamba huenda kina kasoro. Revelian akasema ameishi nacho mwaka mzima na hajaiona. Stephano akasema atakuja amwonyeshe.

Monica alimshauri asiende. Alipoona anachukua patasi, akavaa viatu akaenda naye, na safari hiyo ndani ya bajaji alimwomba dereva apunguze sauti ya muziki, wapate kuzungumza.