Mchokozi wa Chembe Nyeupe

Nyumbani walimwita Mchokozi tangu utotoni, na maabara ikaja kumlipa mshahara kwa tabia hiyohiyo. Kazi yake ilikuwa kuchokoza chembe nyeupe za damu. Alizitia dawa inayojifanya kijidudu ili zipandwe na hasira, zimwage vichocheo vya ukuaji, vile vinavyoiamsha ngozi iliyokatwa ikue na kujifunga.

Lakini wapi! Zilizochokozwa na zisizochokozwa zilimwaga sawasawa. Mkuu wa maabara akachoka.

"Jaribio moja tu," alisema. "Likigoma, tunafunga kazi hii."

Mchokozi alirudi nyumbani roho juu. Damu ya majaribio ilitoka kwa wifi yake, mke wa kaka yake, mwanamke asiyekubali kushindwa kwa maneno. Alimkuta jikoni akisugua sufuria iliyoungua.

"Wifi, leo umetupikia mkaa?"

Wifi akazidi kusugua.

"Au ndivyo kaka anavyopenda?"

"Niache, wifi. Hasira zangu zote zimeishia kwenye sufuria, za kukugawia wewe sina."

Mchokozi aliduwaa mlangoni. Akaikumbuka mikono yake mwenyewe: damu kuzungushwa mbiombio kwenye mashine, mirija kutikiswa, dawa kumiminwa papo hapo. Kumbe chembe zilikuwa zikifika kwenye kisahani zimeshapandwa na hasira na kuzimaliza! Alizichokoza kabla ya kuzichokoza. Alicheka mpaka wifi akamtupia kitambaa cha vyombo.

Wifi akatoa damu tena, huku akinung'unika. Safari hii Mchokozi alizibembeleza chembe zile, akazilaza kwenye joto hadi zikatulia kabisa. Ole wake aliyebamiza mlango! Ndipo akaitia dawa nusu ya chembe hizo tu, nusu nyingine akaiacha. Majimaji ya kila nusu akayamwaga kwenye kisahani chake cha chembe za ngozi, zilizokwaruzwa mstari katikati.

Siku iliyofuata mkuu aliinamia hadubini. Kwenye kisahani cha kwanza, kilichotiwa majimaji ya chembe zisizochokozwa, mkwaruzo ulikuwa wazi vilevile. Akahamia cha pili. Akafuta miwani, akatazama upya.

"Mkwaruzo uko wapi?"

"Umefunga, mkuu! Umefunga wote!"

Mkuu, ambaye neno "vizuri" lilimtoka kwa shida, alipiga makofi kama yuko uwanjani. Mchokozi machozi yalimtoka, akampigia simu wifi yake.

"Wifi! Hasira zako zinaponya!"

"Mwambie kaka yako," wifi akajibu. "Yeye kila siku anasema zitamuua."