Kadi ya Tatu

Mgodi ule wa milimani, juu ya Mkwajuni, ulikuwa na masikio yake, na aliyeyatunza masikio hayo ni Gwantwa. Kila boriti kubwa iliyoshikilia dari kule chini ilifungwa kihisi. Kihisi hutoa umeme hafifu, mdogo kiasi cha kudharaulika, lakini kadi zilizopangwa ndani ya sanduku ofisini huuchuja na kuukuza mpaka kompyuta ikausoma kama uzito. Boriti ikielemewa, king'ora hulia juu, na chini taa ya kijani hugeuka nyekundu. Kadi nazo huchoka, zikaanza kudanganya taratibu, ndiyo maana huhakikiwa.

Aliko, mumewe, alichimba chini ya boriti ya tatu. Aliliogopa shimo tangu siku ya kwanza. Alikulia Iyula kwenye kahawa, na mambo ya kuingia ardhini angali hai hakuyazoea. Gwantwa ndiye aliyemtoa hofu. "Ukiiona ya kijani, we chimba tu," alimwambia. "Kule juu niko mimi."

Asubuhi ile ya mvua Gwantwa alichomoa waya wa kihisi kwenye kadi ya tatu, akachomeka kifaa kinachotoa umeme wa kiasi kinachojulikana, aone kama kadi inausoma sawasawa. Sheria ilitaka watu watolewe kwanza chini ya boriti hiyo. Sheria bwana. Ukiwatoa watu kazi inasimama, na wakubwa wanakununia wiki nzima. Basi mafundi walikuwa na ujanja wao: kwa kifaa hicho unailisha kadi umeme wa kiasi cha boriti iliyotulia, taa inabaki kijani, kila mtu anaendelea na yake. Hata Mbonile, fundi mkuu, ndivyo alivyomfundisha.

Kadi ilisoma vizuri. Ilibaki kurudisha waya tu. Mbonile akachungulia mlangoni. "Gwantwa, chai inapoa." Gwantwa alikuwa hajatia kitu tumboni tangu alfajiri, akatoka, kifaa kikabaki kimechomekwa. Chapati zilikuwa za moto, na soga zikanoga.

Aliporudi akachomeka waya wa kihisi. Namba ikaruka, king'ora kikalia, na kabla hajaondoa mkono kwenye kadi, sakafu ikatikisika. Wenzake Aliko wawili walitoka mbio, weupe kwa vumbi. Aliko alitolewa kesho yake, ndani ya turubai.

Wakaguzi wakaja, wakaipima kadi ya tatu, wakaikuta nzima. Wakasema boriti ilielemewa ghafla kwa sababu ya mvua. Mbonile alitazama viatu vyake. Gwantwa naye akairudisha kadi ndani ya sanduku.

Msibani Iyula, Loisi, mama mkwe wake, alimsogelea pale mkekani.

"Wenzake wananiambia boriti ililia muda mrefu," alisema. "Walitaka kukimbia. Mwanangu akawaonesha taa, akawaambia tulieni, mke wangu yuko juu." Akamshika mkono. "Ile mashine yako, mwanangu, ilikuwa nzima?"

Gwantwa alitafuta pa kuweka macho, akapakosa.

"Ilikuwa nzima, mama."

"Basi ni Mungu," Loisi akasema, akamfunika kanga mabegani, maana baridi ilikuwa imeanza kuingia.