Mvuke wa Ijumaa

Mkaguzi wa idara ya kazi alipoingia chumba cha boila siku hiyo ya Jumanne, Mama Mvuke alimtazama kutoka utosini hadi viatuni, akabaki hapo kwenye viatu. Vilikuwa vimeng'arishwa. Yeye alikuwa ameishi na boila miaka kumi na tisa, akiiwasha kabla jua halijatoka ili mashuka ya hospitali na hoteli yapate mvuke wa kufuliwa na kupigwa pasi. Mtu wa viatu vile hakustahili hata kukaribishwa kigoda.

"Naomba daftari," mkaguzi alisema.

Daftari ndimo fundi boila huandika, kila saa, mshale wa presha umesimama wapi na maji yamefika wapi, kisha hutia sahihi. Mama Mvuke alimsukumia kama anayemrushia mbwa mfupa. Mkaguzi akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akarudi nyuma.

"Mama, leo siku gani?"

"Nyie huko ofisini hamna kalenda?"

"Nisaidie tu."

"Jumanne."

"Na Ijumaa boila iliendaje?"

"Ijumaa iliyopita ilienda vizuri."

"Ninauliza Ijumaa hii inayokuja."

Kurasa zilikuwa zimejaa hadi Ijumaa jioni. Presha sita na nusu, sita na nusu, maji katikati, sahihi. Mama Mvuke alikuwa akijaza wiki nzima kila Jumatatu asubuhi, akinywa chai, kwa sababu mshale wake haukuwa na tabia ya kuhamahama, na kwa sababu aliona karatasi ni kazi ya watu wasio na kazi.

Baada ya wiki mbili ikaja barua. Cheti chake kimefutwa, na bila cheti haruhusiwi kugusa boila yoyote. Baada ya miezi sita anaweza kuomba kurudishiwa, mradi afike mbele ya jopo la watu watatu na kuwaridhisha.

"Niwaridhishe! Wale?" alimwambia mkamwana wake jikoni. "Hawajui hata vali inafungukia upande gani."

"Sawa, Mama. Lakini wao ndio wenye cheti."

Meneja hakumfukuza kazi. Alimpeleka meza ya kukunja mashuka. Miaka yote hiyo Mama Mvuke alikuwa akiwaita wanawake wa meza ile "wale wa vitambaa", na salamu yake kwao ilikuwa kuinua kidevu. Sasa zamu ikawa yao.

"Karibu, bosi. Hili linaitwa shuka. Utalikunja leo, au umeshalikunja hadi Ijumaa?"

"Hebu muulizeni kama ameshashiba chakula cha keshokutwa!"

Meza nzima iliangua kicheko, na aliyecheka mpaka mwisho alikuwa Miwani, mkubwa wao. Lakini ni Miwani huyohuyo aliyeona jinsi mikono iliyozoea vyuma ilivyohangaika kutafuta pindo. Alishika ncha za upande wa pili, akakunja naye wiki nzima ya kwanza, ili rundo la mgeni lisionekane dogo. Mama Mvuke aliliona hilo, ila hakushukuru. Alijisemea kwamba mtu asiyejua kingine atashindwaje kujua kukunja.

Nyumbani, mkamwana alimuuliza maswali ya kitabu huku akimenya viazi.

"Maji yakishuka chini ya alama, unafanya nini?"

"Ninazima moto. Sitii maji baridi kwenye chuma kinachowaka. Hilo hata wewe unalijua."

"Nimelijua kwako, Mama," mkamwana alijibu, akageuza ukurasa kwa kiwiko.

Siku ya jopo ilipofika, Mama Mvuke alijibu maswali yote ya ufundi akiangalia dari. Hakukosa hata moja. Alikwisha kaa mkao wa kuinuka, mkaguzi wa viatu vinavyong'aa alipomwekea mezani daftari kuukuu, la miaka mitatu nyuma.

"Tusomee hapa, mama."

"Sita na nusu."

"Wiki nzima?"

"Boila ikitunzwa haiyumbi. Anayetaka kujifunza aje nimfundishe."

Mkaguzi akaweka pembeni yake karatasi nyingine, ripoti ya karakana. Tarehe zilikuwa zilezile. Siku nne za wiki hiyo boila ilikuwa imezimwa, mlango wake umefunguliwa, fundi yumo ndani akikwangua magamba ya chumvi yanayoachwa na maji. Mama Mvuke ndiye aliyemshikia taa.

"Basi huu mvuke wa sita na nusu ulitoka wapi?" aliuliza mwanamke aliyeketi katikati ya jopo. "Maana naona boila ilikuwa na mtu tumboni."

Jibu alikuwa nalo, amelipika miezi sita: meneja hakuwahi kusoma daftari, alikuwa akigonga muhuri tu. Na ilikuwa kweli tupu. Lakini macho yake yalikwama kwenye sahihi yake mwenyewe, yenye mkia wa madaha, imetiwa siku ambayo mtu alikuwa amelala ndani ya chuma. Alitafuta mtu wa kumdharau mle chumbani, akajikuta amebaki yeye.

"Hakukuwa na mvuke," alisema. "Niliandika uongo. Niliidharau hii karatasi, na nyie mnaoisoma."

"Bado unatudharau?"

"Kidogo."

Mwanamke wa katikati aliguna. Mkaguzi alimsogezea glasi ya maji, akasubiri anywe hadi mwisho ndipo akashika kalamu.

Cheti kilirudi na sharti. Kwa miezi mitatu, kila kipimo kisomwe na watu wawili, na wa pili asiwe mtu wa chumba cha boila. Ikikosekana sahihi moja tu ya huyo wa pili, cheti kinafutwa na hakuna kuomba tena.

Ikambidi arudi kwenye meza ya kukunja.

"Nahitaji mtu wa kunisomea mshale."

"Kwani wale wa vitambaa wanajua kusoma?" mmoja akauliza.

Mama Mvuke alisimama palepale, akalimeza dongo hilo. Miwani alimaliza kwanza kukunja shuka lake.

"Nitakuja mimi," alisema. "Ila usinifundishe cha kuona."

Asubuhi iliyofuata Mama Mvuke aliwasha boila, ikapata moto. Saa ya kwanza ilipofika alikuwa ameketi, daftari mapajani.

"Sita na nusu. Tia sahihi hapa."

Miwani hakuigusa kalamu. Alipanda vidaraja vitatu, akafuta miwani yake kwa pindo la aproni, akafuta na kioo cha kipimo, akakitazama.

"Sita."

"Sita na nusu, dada. Boila yangu naijua."

"Basi njoo uubishie mshale, usinibishie mimi."

Mama Mvuke akapanda. Mshale ulikuwa kwenye sita. Akagonga kioo kwa ukucha, haukutikisika. Akashuka, akaandika sita, mkono ukienda taratibu kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Miwani alisoma kilichoandikwa, akarudi kukilinganisha na mshale, ndipo akatia sahihi.

"Nitarudi baada ya saa moja," alisema akiwa mlangoni. "Na usiandike kitu mpaka nifike."

"Siandiki," alisema Mama Mvuke, akaiweka kalamu kwenye kizingiti cha dirisha, mbali na mkono wake.