Ukimya wa Abonyo

Opondo alikuwa amefika kwenye uzi wa tano. Aliushika ncha moja kwa meno, ncha nyingine akaizungusha kwenye mti wa juu wa nyatiti yake, juu ya kitambaa kinachozuia uzi usiteleze. Akaupiga kwa ukucha, akasikiliza. Bado ulikuwa chini. Nyatiti ya Kijaluo ina nyuzi nane, na zote za zamani alikwisha kuzikata asubuhi, maana wiki hiyo alikuwa na arusi ya kupigia huko Susuni.

Ndani ya nyumba mkewe, Abonyo, alikuwa akipiga pasi gauni na kuimba kwa sauti ya chini. Haukuwa wimbo wa Opondo.

"Mama Oduol, huo msiba wa nani?"

"Si msiba. Ni mapenzi, kwa Kijerumani. Godwin alitueleza maneno yake."

"Godwin!"

"Ndiyo, Godwin. Twende leo ukamsikie mwenyewe, uache kununa na nyuzi."

Kila mwisho wa mwezi, Jumapili alasiri, vijana wanaosomea uimbaji wa opera walikuja katika ukumbi wa parokia pale Tarime mjini kujizoeza mbele ya watu. Godwin alikuwa mtoto wa wafugaji wa Matongo, mwenye sauti nzito na viatu vilivyong'aa. Abonyo hakuwahi kukosa. Opondo aliuweka uzi wa tano sawa, akaifunika nyatiti kwa gunia, akaenda kuoga.

Ukumbini hapakuwa na maiki wala spika. Palikuwa na piano tu, na msichana wa kuipiga. Mlangoni Bernadetha, mwenyekiti wa kwaya, alimcheka.

"Mzee Opondo! Leo umekuja kujifunza?"

"Nimekuja kumsindikiza mke wangu."

"Basi msindikize kimya kimya. Hapa hatupigi makofi mpaka wimbo uishe."

Godwin akaanza kuimba. Opondo alikuwa mtu wa haki, na moyoni alikubali kwamba kijana ana sauti. Lakini baada ya muda hakumtazama tena Godwin. Alimtazama Abonyo. Alikuwa ameweka mikono mapajani, mdomo wazi kidogo, hata nzi aliyetua shavuni hakumfukuza. Miaka yote ya ndoa yao, Opondo hakuwahi kumwona hivyo. Yeye akipiga nyatiti, Abonyo hupiga vigelegele, hucheza, huwaita watu waje kula, hugombana na mpishi. Huyu mtoto wa Matongo alikuwa amempa nini hata akatulia namna ile?

Wimbo ulipopanda, Opondo alisimama, akatembea hadi mbele, akaweka noti juu ya piano na kuinua mkono.

"Simama hapo, kijana! Mimi ni Opondo, mwana wa Oduol na baba wa Oduol, mkono usiochoka! Mimi ndiye mume wa Abonyo, mwanamke ambaye akipita sokoni vitunguu vinapanda bei!"

Piano ilinyamaza. Kwa Wajaluo hilo si kosa. Aliyeguswa na nyatiti humsimamisha mpigaji, huweka chochote mbele yake, kisha hujisifu na kuwasifu watu wake. Mpigaji asiyekatizwa hata mara moja hurudi nyumbani akijua hakumgusa mtu. Wazee wawili wa nyuma waliitikia kwa furaha. Wengine wote waliinamisha vichwa.

Godwin aliinama kidogo. "Shikamoo, mzee. Asante. Naomba nianze upya."

Akaanza upya tangu mwanzo, na safari hii ukumbi ulinyamaza zaidi. Abonyo hakumtazama mumewe mpaka mwisho.

Walirudi nyumbani kwa miguu.

"Ulimkatiza," Abonyo akasema.

"Nilimheshimu. Wewe hujui jinsi tunavyomheshimu mpigaji?"

"Najua. Na wewe unajua kwamba leo haikuwa hivyo."

Opondo alipiga hatua chache. "Hujawahi kuninyamazia namna ile. Hata siku moja."

Abonyo akasimama katikati ya njia. "Kumbe ni hilo? Baba Oduol, mimi nikikunyamazia wewe, watu si watauliza nimefiwa na nani?"

"Wacha waulize."

"Haya. Lete nyatiti yako."

Jua lilikuwa bado halijazama. Opondo aliondoa gunia, akakaa kwenye kigoda chake kifupi, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu. Nyuzi tano tu, lakini wimbo wa arusi unaweza kutembea kwa tano, ingawa kwa kuchechemea. Abonyo alivuta kiti, akakaa mbele yake, mikono mapajani, kama kule ukumbini.

Opondo akapiga. Abonyo alitulia. Hakutikisa hata bega. Opondo alijaribu kufurahi. Wimbo ukafika pale bibi arusi anapotajwa, pale ambapo kila mara kigelegele cha Abonyo huingia na Opondo hugonga mti kwa pete. Vidole vyake vikasita hewani. Pete haikugonga.

"Mbona umeacha?" Abonyo akauliza.

"Nilikuwa nakusubiri."

Abonyo alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa gauni lake zuri. Opondo hakucheka sana.

"Na mwezi ujao utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Kwa Godwin."

"Kwa Godwin. Na Jumanne nitakuwa Susuni kwako, nikipiga kelele."

Akaingia jikoni. Opondo akauchukua uzi wa sita, akaufunga mara moja kwenye mti, akausikiliza. Kutoka jikoni ule wimbo wa Kijerumani ulianza tena, chini chini, na sikio lake likashindwa kuishika sauti ya uzi. Akauacha ukining'inia, akarudisha gunia. Zilizobaki angezifunga kesho, Abonyo akiwa shambani.